Mgomba Chini ya Vioo

Mishamo, S.L.P. Mpanda
11 Julai 1993

Mwanangu Odeta,

Amahoro. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba kazi ya kumtunza bibi kizee wa watu bado unaiweza. Sisi hapa tu wazima, isipokuwa mama yako, ambaye miguu inamvimba tangu mvua zilipokatika. Anasema si kitu. Unamjua: hata nyumba ikiungua atasema ni moshi wa jirani.

Naandika kwa haraka kwa sababu Gratien katekista anakwenda Mpanda na lori la mahindi na atapita posta. Habari yenyewe umeshaisikia redioni. Burundi wamepiga kura, hakuna aliyechinjwa, na serikali mpya inatuita turudi. Kijiji chote kimegeuka soko. Watu wanauza mabati, milango, mbuzi, hata muhogo ambao bado uko ardhini. Mimi sina bati la kuuza, na leo nashukuru kwamba sikuwahi kujenga kama mtu anayekaa. Nimelipaka pipa rangi mpya, ya kijani, na kulifunga kamba tumboni ili libebeke.

Habari ya pipa unaijua, lakini vumilia nikukumbushe, kwa sababu sasa ndiyo inatimia. Mwaka 1972, tulipokimbia mauaji, mama yako alikubeba wewe mgongoni, mimi nikabeba chipukizi la mgomba wa baba yangu ndani ya gunia bichi. Katika ukoo wetu mgomba huo haupandwi ovyo. Ukiushusha ardhini umesema mbele ya watu: hapa ndipo kwangu, hapa mtanizika, na mgomba utasimama kichwani pangu. Ndiyo maana hapa nimeukuza ndani ya nusu ya pipa la mafuta, chipukizi baada ya chipukizi, tangu tulipoletwa Mishamo. Kati ya mzizi wake na nchi hii nimeweka chuma.

Nawe ulipoondoka nilikukatia chipukizi, ukalitunze kwenye kopo. Liko hai? Uje nalo. Tutapanda siku moja, langu na lako, kwenye kilima cha Rutana alikozikwa babu yako. Lori ni mwezi wa kumi.

Mama yako anasema unenepe kidogo.

Mimi baba yako,
Cyriaque


Malvern, Uingereza
2 Agosti 1993

Baba mpendwa,

Shikamoo. Na Mama nampa shikamoo yake peke yake, asiibiwe. Mimi mzima. Bibi Hartley naye mzima kwa kadiri ya miaka yake. Jana alinitupia kijiko, kwa hiyo nguvu anazo.

Chipukizi liko hai, Baba. Lakini lazima nikueleze liko wapi, na nakueleza mwenyewe kwa sababu sitaki ulisikie kwa mwingine.

Nyumba hii ilijengwa na babu yake Bibi, enzi za Malkia Victoria. Ni kubwa kuliko kanisa letu. Ubavuni mwake, ukitoka sebuleni, kuna mlango, na nyuma ya mlango kuna chumba ambacho kuta zake ni vioo na paa lake ni vioo, vimeshikwa na mbavu za chuma zenye rangi nyeupe. Matajiri wa wakati ule walijenga vyumba kama hivi ili wanywe chai katikati ya majani mabichi huku nje kuna theluji. Sakafu ni vigae vya rangi. Kando ya vigae kuna vyuma vilivyotobolewa kama maua, na chini yake yanapita mabomba ya maji ya moto kutoka kwenye boila kubwa chini ya nyumba. Kuna mpini ukutani. Ukiuzungusha, madirisha yote ya paani yanafunguka kwa pamoja. Humo kuna mlimao, kangaga za kila aina, mzabibu mzee kuliko Bibi, na mchikichi mmoja ambao hakuna anayejua kwamba unatoa mawese. Kila mmea una kibati cha zinki chenye jina la Kilatini.

Siku ya kwanza nilipofungua mlango ule ilikuwa Januari. Nilisikia harufu ya shamba letu baada ya mvua ya kwanza. Nilikaa kwenye benchi nikalia mpaka Bibi akanitafuta kwa kengele.

Kopo nililiweka dirishani kwangu, na baridi ikalipiga. Majani yalikuwa kahawia, likabaki moja. Bibi akaniambia, "Wewe msichana, utamuua huyo mtoto wako. Mpeleke ardhini." Katikati ya chumba kile kuna tuta la udongo mweusi. Nikaupanda, Oktoba iliyopita. Sasa jani la juu linakaribia vioo. Bibi aliponiuliza mmea huu unaitwa nani, niliandika Générose kwenye kibati, jina la Mama, kwa kuwa ni yeye aliyeufunga ndani ya kanga yake nilipoondoka.

Kuhusu kurudi, nipe muda. Na tafadhali, kabla ya safari yoyote mpeleke Mama hospitali ya Mpanda. Miguu kuvimba hivyo si jambo la kusema si kitu. Nimeisomea kazi hii. Huenda ni moyo.

Binti yenu,
Odeta


Mishamo
5 Septemba 1993

Odeta,

Salamu. Tuko wazima.

Umeupanda.

Nimeisoma barua yako nikatoka nje, nikazunguka pipa, nikarudi nikaisoma tena, na neno lilikuwa bado liko pale pale. Umeushusha mgomba wa babu yako katika ardhi ya watu, ndani ya nyumba ya watu, kwa amri ya mwanamke anayerusha vijiko. Unajua umesema nini? Umesema utazikwa Malvern. Hujaniuliza hata mimi.

Na usidhani vyumba hivyo unanieleza kwa mara ya kwanza. Nilipokuwa seminari, padre mmoja Mbelgiji alituonyesha kitabu chenye picha za nyumba za vioo za mfalme wao. Michikichi ya Kongo ilikuwa imesimama ndani ya kioo kama askari wa gwaride, na mabwana wenye kofia ndefu wanapita chini yake na wake zao. Nilimwuliza padre, "Humo wanavuna nini?" Akacheka. "Hawavuni, kijana. Wanatazama." Wenzangu nao wakacheka. Mimi niliona haya kwa niaba ya michikichi.

Sasa mgomba uliovuka mto Malagarasi ndani ya gunia umepangwa mstarini na hao, na kibati shingoni. Na jina la mama yako juu yake, ili wageni wapite na vikombe vyao waseme, tazama Générose alivyo na majani mapana! Hukuona aibu hata kidogo?

Watu hao wana akili ya ajabu. Wanawasha moto majira yote ya baridi ili jani la kangaga lisipige chafya. Nyumba nzima ya chuma na vioo kwa ajili ya majani, huku mama yako analala chini ya nyasi zinazovuja.

Ung'oe. Chimba kwa upole, usijeruhi mizizi, urudishe kwenye kopo. Sitasema mara mbili.

Hospitali: mama yako amekataa, na kibali cha mkimbizi kutoka makazini kinachukua muda wake. Lori liko karibu. Atatibiwa kwetu.

Baba yako,
Cyriaque


Malvern
28 Septemba 1993

Baba,

Shikamoo. Natumaini nyie wote hamjambo.

Umeandika kwamba Mama analala chini ya nyasi zinazovuja. Nani alimlaza hapo?

Eufrazia jirani yetu alishushwa Mishamo siku moja na sisi, kwenye lori moja. Ana bati tangu mimi niko darasa la tatu. Alipanda migomba yake ikazaa, akawa anapeleka ndizi hadi Mpanda stesheni. Wewe ulikuwa ukipita uani kwake unamtania: "Eufrazia ameshazikwa, bado kufa tu!" Watu wakicheka. Lakini watoto wake walilala pakavu, Baba, na sisi masika yote tulihamisha mkeka kutoka kona hadi kona. "Mwakani tunarudi." Kila mwaka mwakani. Huwezi kuezeka bati, mwakani tunarudi. Huwezi kuchimba choo cha maana, mwakani tunarudi. Lakini pipa lilikuwa na kibanda chake cha kivuli, na nyasi zake hazikuvuja, kwa sababu ulizibadilisha kila mwaka.

Kiangazi, kisima kikikauka, Mama alikwenda mtoni, na ndoo ya kwanza ilikuwa ya pipa. Alikuwa akiliita mke mdogo. "Ngoja nimnyweshe mke mdogo asije akaninunia." Ulicheka. Mimi nilikuwa upande wa pili, niliuona uso wake. Hakuwa anatania.

Na huyo mke mdogo amekuzalia nini? Hata chane moja? Unawacheka waliojenga vyumba vya vioo; basi nieleze tofauti, wewe uliyesoma seminari. Bibi Hartley ana kioo, wewe una chuma. Wote mmeufungia mmea, mnaulisha, mnaupikia hali ya hewa, na hamvuni. Wenzako walau wanakunywa chai humo.

Sasa sikiliza jambo ambalo nimelibeba tangu niondoke. Siku ile stesheni ya Mpanda, wewe ulikuwa dirishani unagombana na mkata tiketi. Mama alinishika mkono, akasema hivi: "Mimi sitaki Rutana. Rutana walinizikia kaka zangu shimo moja, sijui hata ni wapi. Nataka mgomba ushushwe chini, hapa kando ya mlango wangu, na nikifa mnilaze hapo. Nisilale kama msafiri." Nikamwambia, mwambie Baba. Akasema ameshakuambia kwa kila namna isipokuwa kwa maneno.

Basi hayo ndiyo maneno.

Wangu sitaung'oa. Ushushe wako. Na mpeleke Mama hospitali.

Binti yako,
Odeta


Mishamo
16 Oktoba 1993

Odeta,

Sisi wazima, nawe uwe mzima.

Lori linaondoka kesho kutwa: Uvinza, Kasulu, mpaka Manyovu, kisha tunavuka. Barua yako niliipata. Nimeiacha juu ya dari, sitaki kuvuka nayo mpaka.

Mama yako hasafiri. Nilimsomea yale uliyosema aliyasema. Akaniuliza kama chumvi ipo. Leo tangu asubuhi ameketi kwenye kigoda mlangoni, miguu kaiweka juu ya kinu, na kila mtu anayekuja kuaga anamwona. Nikamwambia, "Générose, mbele ya watu?" Akasema, "Nenda na mke mdogo. Mimi nimechoka kufungasha." Wanawake wakacheka. Sijawahi kuchekwa hivyo mbele ya nyumba yangu.

Nitapanda, nitapaua, kisha nitamfuata. Ni miezi, si miaka. Felista, yule Mbende wa ng'ambo ya barabara, ameahidi kulala naye. Nimemwachia mahindi ya kutosha.

Usinijibu hapa. Nitakuandikia kutoka kwangu. Usidhani nimekulaani, nakupa tu habari ya anwani.

Baba yako,
Cyriaque


Malvern
3 Novemba 1993

Baba, Mama, Felista, yeyote anayefungua bahasha hii,

Salamu kwenu. Sijui niwaulize hali gani.

Redio imesema yote. Jeshi limegeuka, rais wamemuua, na vilimani wanachinjana tena. Wanasema watu wanamiminika Kigoma kwa maelfu, wengine bila viatu. Nimesikiliza majina ya mahali. Wamesema Rutana. Wameitamka vibaya, lakini ni yenyewe.

Baba ulikuwa wapi? Ulikuwa umevuka? Nani yuko na Mama? Nimepiga simu posta ya Mpanda, mtu akaniambia, "Dada, Mishamo ni mbali, sisi tutajuaje?" Nikamfokea mtu wa watu ambaye hana kosa.

Nina hasira, na sina mtu wa kumpa. Kama uko hai, niandikie hata tusi.

Odeta


Malvern
20 Januari 1994

Baba,

Bado hakuna kitu kutoka kwenu. Naandika kwa sababu nisipoandika ni kama nimekubali.

Bibi Hartley alipelekwa hospitali kabla ya Krismasi na sidhani atarudi. Mwanawe amekuja kukaa. Siku ya pili akashuka chini, akazima boila. Nikamwambia, "Bwana, mimea itakufa." Akasema, "Ni majani tu, Odeta. Hii nyumba inauzwa, na hicho kibanda cha vioo kinabomolewa, mnunuzi anataka mahali pa magari."

Majani tu. Nilitamani ungekuwepo umjibu. Wewe ungempatia neno.

Baridi iliingia kwa wiki moja. Nilikuta barafu upande wa ndani wa vioo, imechora majani, kana kwamba inawadhihaki walio chini. Mlimao umekauka umesimama. Mchikichi ni mweusi kuanzia moyoni. Hakuna mmea hata mmoja humo uliowahi kupigwa na upepo. Hawakujua wafanye nini. Na wetu umeanguka juu ya vigae kama nguo iliyolowa. Kibati tu ndicho kimesimama.

Umepata ulichotaka. Sijapandwa popote.

Odeta


Mishamo
9 Machi 1994

Mwanangu Odeta,

Natumaini unapumua na unakula. Mimi napumua.

Mama yako alifariki Novemba mwaka jana. Mimi sikuwepo. Nimeiweka habari hii juu ili usiitafute katikati ya mistari. Nimeshindwa kuiandika tangu Januari. Leo nimeketi na kusema sitainuka mpaka iwe kwenye karatasi.

Tulifika Manyovu na nyimbo. Asubuhi tuliyokuwa tuvuke, watu wakaanza kushuka kutoka upande wa pili, kwanza wachache, halafu mlima mzima ukawa unatembea. Dereva aligeuza lori. Wanawake wakawa wanatupia watoto juu, wanadakwa na yeyote. Dereva akapaza sauti, "Pipa au watu?" Mimi nilikuwa nimeshika kamba. Mbele yangu alisimama mama, mtoto mmoja mgongoni na mwingine kamshika mkono. Ningependa kukuandikia kwamba niliiachia kamba. Dereva hakusubiri nijibu. Alilisukuma kwa mguu. Lilibiringika bondeni, kijani chake kikionekana, kikipotea, kikionekana.

Kisha tulizuiwa huko pamoja na wageni. Nilimwambia askari, mimi ni mtu wa Mishamo, ninakaa Tanzania tangu kabla hujazaliwa wewe. Akasema, "Mzee, kibali kiko wapi?" Sikuwa na kibali. Nilikuwa nimeondoka kama mtu asiyerudi. Nilipanga foleni ya uji na watoto waliovuka jana yake. Waliniachilia baada ya Noeli.

Nimefika hapa, mlango umefungwa kwa kamba. Felista alinieleza akiwa amesimama, hakunikaribisha kiti, naye ana haki. Ni moyo, kama ulivyoandika. Alisema, "Tulimchimbia kando ya mlango, kama alivyotaka. Tukatafuta mgomba wa kumwekea kichwani. Tukakuta uani duara tu, pale pipa lilipokaa." Eufrazia akatoa mgomba wake. Gratien akasema hapana, si wa ukoo, angojewe mwenye mji. Wakaweka msalaba wa mti, na mchwa wameshaufikia katikati.

Duara lile bado lipo. Nyasi hazioti.

Amelala kama msafiri. Neno hilo ni lake, na wewe ulinifikishia kwa wakati.

Nina hasira na wenye bunduki, nao hawanijui. Nina hasira na yule dereva aliyeokoa watu. Nina hasira na mama yako, aliyeweza kuniambia kwa sauti miaka yote ile akachagua kubeba ndoo. Na wewe nina hasira nawe kuliko wote, kwa sababu ulisema kweli kabla mimi sijawa tayari kuisikia, na mtoto hapaswi kumfanyia hivyo baba yake.

Barua yako ya Novemba niliikuta. Tusi ulilotaka ni hili.

Sasa mgomba wa baba yangu umebaki mmoja duniani, nao uko kwenye chumba cha chai. Ulikataa kuung'oa. Vizuri. Sasa ung'oe, uulete hapa Mishamo, kando ya mlango wa mama yako. Siombi. Naagiza.

Baba yako,
Cyriaque


Malvern
4 Aprili 1994

Baba,

Shikamoo.

Nimepokea. Habari ya Mama sitaiandika. Nitaisema nikiwa nimesimama pale alipo, na utasikia.

Barua zetu zimepishana njiani. Wakati unaniagiza mgomba, mimi nilikuwa nimeshakuandikia kwamba mgomba wenyewe umekufa. Unaniagiza, Baba! Miaka yote hukuushusha ulipokuwa mbele ya mlango wake, hatua tatu, na mvua za bure. Sasa unaniagiza mimi niutoe ng'ambo ya bahari. Niliichana barua yako. Halafu nikaokota vipande kwa sababu jina lake lilikuwa kwenye kimoja.

Bibi Hartley alizikwa Februari. Wabomoaji walikuja wiki iliyopita. Walianza juu, wakatoa vioo kimoja kimoja, vingine wakaviacha vianguke. Mwanawe alisimama kwenye mlango wa sebule na kikombe. Nikamwambia nataka kuchimba pale katikati kabla hawajamwaga kifusi. Akasema, "Chimba unachotaka, hakuna kitu hapo."

Nilichimba. Shina lilikuwa limeoza, linanuka, linatoka kwa mkono. Chini yake kisiki kilikuwa laini upande wote wa juu. Nikakata kwa kisu cha jikoni, nikakata tena, nikawa natupa. Karibu na mwisho kisu kikagonga pagumu. Peupe, Baba. Kipande kinachoenea kiganjani, na ubavuni mwake jicho moja, dogo kama ukucha wa mtoto.

Nimekiosha, nimekipaka majivu, nimekifunga ndani ya kanga ile ile. Kazi hapa imekwisha. Nikipata tiketi nitakuwa kwenye treni ya Mpanda wiki ya pili ya Juni.

Sikiliza vizuri. Sileti kwa sababu umeagiza. Naleta kwa sababu yeye alisema. Chimba shimo. Nikifika nikakuta pipa, au debe, au sufuria, au chuma cha aina yoyote, nitapanda treni hiyo hiyo kurudi na hutaniona tena.

Binti wa Générose,
Odeta


Mishamo
3 Juni 1994

Mwanangu Odeta,

Karibu. Natumaini treni haikukulaza sana Kaliua, na kwamba umekula.

Barua hii nampa Gratien aiache stesheni ya Mpanda, dirishani kwa Telesfori mkata tiketi, yule yule niliyegombana naye. Gratien anasema amekubali kuitunza, ila ameomba nikujulishe kwamba siku ile kosa lilikuwa langu. Nimekujulisha.

Sikuja kukupokea kwa sababu kibali nimenyimwa. Wanasema niliwahi kuondoka bila kibali, mara ya pili hawanipi. Kwa hiyo usinitafute kwenye umati. Ulizia lori la mahindi la Mishamo, upande wa soko. Dereva anakujua kwa jina.

Barua yako ya barafu ilifika baada ya mimi kukuagiza. Mchikichi ule nimeusikitikia. Mwanawe huyo ningempatia neno, ni kweli, lakini sasa sitakuambia ni lipi.

Shimo nimechimba. Liko kichwani pake, kando ya mlango. Nimechimba mpaka udongo mwekundu, nikachanganya na samadi ya mbuzi wa Felista, ambaye sasa ananipa kiti. Hakuna chuma. Njoo uingize mkono mwenyewe. Wiki iliyopita Eufrazia alipita barabarani na kikapu chake, akaniona niko ndani ya shimo mpaka magotini, akasimama. Akaita kwa sauti ya kusikika kijiji kizima, "Cyriaque! Umeshazikwa?"

Nikamwambia, bado kufa tu.

Kwa desturi mwenye kupanda ni mwenye mji. Utapanda wewe. Umezoea kupanda bila ruhusa. Kibati chenye jina lake kilete pia. Mchwa wamemaliza msalaba, na zinki hawaili.

Sijakusamehe, nawe usinisamehe ukiwa njiani. Njoo kwanza. Kisima kimekauka mapema mwaka huu, na shimo lisilowekwa maji linapasuka. Nakwenda mtoni asubuhi na jioni. Ndoo ni nzito kuliko nilivyodhani.

Baba yako,
Cyriaque